MITI YA MAKABURINI
Imani na utunzaji wa misitu, tulikotoka na hapa tulipo



Kamati ilipoomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, wengi walidhani nitaandika juu ya vita na njia tulizopita. Habari hizo zimeandikwa, na zitaandikwa tena. Mimi nimechagua kuandika juu ya miti. Sababu yake ni kuku wawili.

Nilifika Dzaleka mwishoni mwa mwaka 1998, nikitoka Uvira kwa kupitia Tanzania. Chakula cha mgao kilikuwepo, lakini maharage hayaivi kwa maneno. Siku moja kuni zilituishia kabisa, nikatoka na majirani wawili kwenda kutafuta. Tulitembea saa mbili katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hakuna hata kijiti. Kisha tukaona mbele yetu kichaka kikubwa, kimesimama peke yake katikati ya mashamba kama kisiwa ziwani. Ndani yake kulikuwa na miti minene, na chini matawi makavu yamelala tele, hakuna anayeyaokota. Tulimshukuru Mungu. Tukafunga mizigo mitatu.

Tulipotoka tulikuta wazee wanne wamekaa chini wakitungoja. Hawakutupiga wala hawakutukana. Walitupeleka kwa mfumu, yaani mkuu wa kijiji, na akaitwa dereva mmoja aliyewahi kuishi Mbeya ili atafsiri. Mfumu alisema maneno machache tu. Dereva akatugeukia: "Amfumu wanauliza kama huko kwenu mnapika chakula kwa mifupa ya baba zenu."

Tulitozwa kuku wawili. Ili kuwanunua tuliuza mahindi ya mgao. Nilikaa na uchungu huo miaka mingi. Nilijiambia: ni matawi makavu, yanaliwa na mchwa, na watoto wangu wanalala na njaa! Baadaye nilijifunza Kichewa, nikakaa na wazee wale wale, nikasoma niliyoweza kupata. Makala hii ni matunda ya kujifunza huko.

1. MANDA NI NINI

Kichaka kile kilikuwa manda, yaani makaburi ya kijiji. Yeyote anayesafiri katika tambarare ya Lilongwe na Dowa ataona jambo hilo hilo: mashamba yamefika hadi mlangoni mwa nyumba, na katikati yake vimebaki vipande vya msitu wa asili. Vingi kati ya vipande hivyo ni makaburi. Miti mingine ya miombo ilikwisha kwa kulima, kwa kuchoma matofali, kwa makaa ya kuuzwa mjini, na kwa nguzo za mabanda ya kukaushia tumbaku. Iliyobaki ni ile inayokaa na wafu.

Manda ina watunzaji wake. Wachewa huwaita adzukulu, yaani wajukuu. Hao ndio wanaochimba kaburi na kusimamia mazishi. Mtu wa kawaida haingii manda bila shughuli ya msiba. Kukata mti humo ni kosa mbele ya kijiji kizima, na mwenyeji anatozwa kama mgeni anavyotozwa. Jambo hili la mwisho ndilo lililonituliza moyo nilipolijua. Sikuwa nimeonewa kwa ukimbizi wangu.

Tena manda ni benki ya mbegu. Miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi ikiachwa ipumzike, lakini pale ambapo hata visiki vimeng'olewa, mbegu lazima itoke mahali. Ndege na upepo huitoa manda na kuipeleka shambani. Kwa hiyo wafu wa kijiji wanatunza akiba ya walio hai.

2. MOTO WA KAPHIRINTIWA

Kwa nini Wachewa wanaunganisha msitu na wafu? Wazee wao wana simulizi la asili. Kusini-magharibi mwa Lilongwe, katika milima ya Dzalanyama, kuna kilima kiitwacho Kaphirintiwa. Wanasimulia kwamba hapo ndipo Chiuta, yaani Mungu, alipowashusha watu wa kwanza na wanyama pamoja na mvua ya kwanza. Mwamba ulikuwa bado laini, na alama za nyayo zinaonyeshwa juu yake mpaka leo. Mungu, watu na wanyama waliishi pamoja kwa amani.

Ndipo mtu alipocheza na vijiti viwili, akivisugua, moto ukatokea. Nyasi zikawaka. Mbuzi na mbwa walikimbilia kwa mtu, ila tembo, simba na wengine walikimbia porini wakiwa na hasira juu yake. Kinyonga alipanda mti kujiokoa. Mungu mwenyewe aliondoka duniani akapanda juu kwa uzi wa buibui. Tangu hapo, wanasema, mtu hufa, na akifa huenda juu.

Nawaomba wasomaji wa dini zote walifikirie simulizi hili kwa utulivu. Linasema kwamba ugomvi wa mtu na viumbe vingine ulianza siku alipowasha moto asioweza kuuzima, na kwamba ugomvi huo ulimfarakanisha na Mungu pia. Sisi tuliokimbia vijiji vilivyochomwa moto hatuhitaji kufafanuliwa.

Padre J. Matthew Schoffeleers, aliyefanya utafiti mrefu juu ya dini za asili za Malawi, aliandika juu ya maana ya kidini ya moto wa nyika. Alionyesha pia jinsi ngoma ya Nyau, au Gule Wamkulu, inavyohusiana na simulizi hili. Wakati wa msiba na kumbukumbu za wafu, sanamu kubwa za wanyama zilizosukwa kwa majani na fito hutoka porini kando ya makaburi na kuingia kijijini. Kwa muda mfupi wanyama na watu wako pamoja tena, kama kabla ya moto. UNESCO iliitambua Gule Wamkulu mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima. Ngoma hiyo haiwezekani bila kichaka cha kutokea. Ukikata manda, umekata na njia ya wanyama ya kurudi.

3. MAKEWANA NA MBONA

Hapo zamani ulinzi haukuishia makaburini. Huko Msinja, karibu na Kaphirintiwa, palikuwa na hekalu la mvua likiongozwa na mwanamke mwenye cheo cha Makewana, maana yake mama wa watoto. Watu walitoka mbali kumletea sadaka wakati wa ukame. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliharibu Msinja, na nguvu za hekalu zikapungua. Msitu wa Dzalanyama wenyewe ulifanywa hifadhi ya serikali mwaka 1922. Humo ndimo unamoanzia mto Lilongwe, unaonywesha mji mkuu. Mahali pa kuombea mvua palikuwa ndipo mahali pa chemchemi, na sidhani kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati.

Kusini kabisa, wilayani Nsanje, kuna kichaka cha Khulubvi, mahali pa Mbona. Husimuliwa kwamba Mbona alikuwa mleta mvua aliyeuawa bila hatia, na watu wakamjengea kibanda cha ibada ili roho yake itulie. Kibanda kikichakaa hujengwa upya kwa taratibu maalum. Kichaka hakikatwi wala hakichomwi. Schoffeleers alikusanya uchunguzi wa waandishi mbalimbali kuhusu mahali kama hapa katika kitabu alichokiita Guardians of the Land, kilichotoka mwaka 1979. Jina lake lasema yote: walinzi wa nchi.

4. WAMISIONARI NA SERIKALI

Tusifiche ukweli. Dini zilizokuja baadaye hazikuelewana na vichaka hivi tangu mwanzo. Wamisionari wengi waliona humo giza la upagani, na mapadre wa Kikatoliki walipambana na Nyau kwa miaka mingi. Serikali ya kikoloni nayo ilitunga sheria za misitu, ikaweka mipaka na askari. Mwanakijiji akajikuta kati ya kanisa lililomwambia kichaka ni cha shetani na serikali iliyomwambia msitu ni wa Mfalme wa Uingereza. Katika yote mawili, msitu haukuwa tena wake. Kitu kisicho chako hukilindi.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, upepo ulibadilika. Huko Mua, misheni iliyoanzishwa mwaka 1902, Padre Claude Boucher alianzisha mwaka 1976 kituo cha Kungoni cha utamaduni na sanaa, ambako mila za Wachewa, Wangoni na Wayao zinahifadhiwa kando ya kanisa. Serikali nayo, kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 1997, iliruhusu vijiji kuwa na maeneo yao ya misitu na kamati zao za kuyasimamia. Yaani baada ya miaka mia moja hivi, wenye vyeo waligundua walichokijua adzukulu.

5. KWETU PIA ILIKUWEPO

Baadhi yetu husema haya ni mambo ya Wamalawi. Sivyo. Ndugu zetu Warundi wana neno intatemwa, maana yake isiyokatwa. Ndivyo vilivyoitwa vichaka na miti mitakatifu, hasa penye kumbukumbu za wafalme. Wanyarwanda wanajua ibigabiro, miti mikubwa ya mivumu iliyobaki mahali palipokuwa na makao ya wafalme, na msitu wa Buhanga huko Musanze, uliohusika na kutawazwa kwao, umesimama mpaka leo. Huko Ituri, Wambuti huuita msitu baba na mama, na mambo yakiwaharibikia huuimbia usiku ili uamke na kuwaangalia watoto wake.

Na tunaosali kanisani au msikitini hatukuachwa bila sheria. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inawakataza wanajeshi wanaouzingira mji wasikate miti yake ya matunda, hata kama vita ni virefu. Khalifa Abubakar, alipotuma jeshi kwenda Sham, aliwausia wasikate miti yenye matunda wala kuharibu mahali palipo na watu. Na maeneo matakatifu ya Maka na Madina, miti yake ya asili haikatwi. Angalieni, wandugu: Torati na usia wa Abubakar vyote viwili vinazungumza juu ya mti wakati wa vita. Wahenga hao walijua kwamba vita hupita, na wenye kubaki watahitaji kula.

6. MWAKA 1994

Basi swali gumu ni hili: kama imani ilikuwepo, kwa nini tulifyeka?

Julai 1994 Wanyarwanda wapatao 800,000 waliingia Goma kwa siku chache. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa kando kando ya mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ya kwanza Afrika. Kila asubuhi maelfu waliingia msituni na mapanga. Mwaka huo huo mbuga iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Upande wa Tanzania, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa siku moja mwishoni mwa Aprili, na katika mkoa wa Kagera kuni zilizotumika zilikadiriwa kuwa zaidi ya tani 1,200 kila siku.

Watu hao hawakuwa wapagani. Kambi zilijaa nyimbo kila Jumapili. Lakini baridi ya volkano ni kali, chakula kilichogawiwa kilihitaji kupikwa, na kuni hazikuletwa. Imani haichemshi maji. Yeyote anayewahukumu akiwa amekaa karibu na jiko lake la gesi, na aanze kwanza kulala usiku mmoja Kibumba.

Hata hivyo kuna jambo la pili, ambalo mahesabu ya tani hayalisemi. Kipindupindu na kuhara damu viliua maelfu na maelfu Goma katika wiki chache. Ardhi ni mwamba wa volkano, jembe halipenyi. Maiti zililazwa barabarani, zikakusanywa, zikazikwa pamoja kwa mitambo. Hapakuwa na kaburi la mtu, hapakuwa na mjukuu wa kulisimamia, hapakuwa na mti wa kukumbuka. Walikuwa watu wasio na mfu wao mahali pale. Kwao msitu ule ulikuwa kuni tu, kama kichaka kile kilivyokuwa kuni tu machoni pangu.

Hapo ndipo nilipouelewa msemo wa mfumu. Imani peke yake haikulinda miti popote. Miti ililindwa palipokuwa na mambo manne pamoja: mahali panapojulikana, wafu au Mungu anayeheshimiwa hapo, watunzaji wenye majina yao, na sheria inayomkamata mkuu kama inavyomkamata maskini. Ongeza la tano kwa wakati wetu: njia nyingine ya kupika. Likikosekana moja, mahubiri ni upepo.

7. SISI TUKO WAPI?

Malawi si mgeni wa wakimbizi. Kufikia mwaka 1992 ilikuwa imewapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja, karibu mtu mmoja katika kila kumi nchini, nao wakaishi kwa kuni na ardhi ya wenyeji mpaka amani ilipowarudisha. Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza. Jina lake ni neno la mfungwa anayeapa kwamba hatarudia tena. Tangu 1994 ni kambi, iliyopangwa kwa watu kama elfu kumi, na sasa tumezidi elfu hamsini. Wenyeji wanaotuzunguka nao ni maskini, na jembe lao linatafuta pale pale kuni zetu zinapotafutwa.

Kila mara nasikia vijana wakisema: "Hapa si kwetu, tunapita tu." Nawaelewa. Wengine wameomba kwenda Kanada au Marekani, wengine wanangoja kurudi. Lakini nawauliza: tangu 1994 tumezika wangapi katika udongo huu? Mke wangu yuko humo. Mtoto wa jirani yangu yuko humo. Hao hawapiti. Kwa desturi za Wachewa, za Warundi na za Wabembe pia, mtu aliyezika wafu wake mahali hawezi kusema mahali hapo si pake kabisa.

Na makaburi yetu yakoje? Jua tupu. Mama akienda kumkumbuka mwanawe hana kivuli cha kusimama. Tumewaacha wafu wetu kama walivyoachwa wale wa Goma, ingawa sisi tulipata udongo laini na muda wa kutosha.

Kwa hiyo napendekeza haya, nayo yameshajadiliwa na baadhi ya wazee wa dini zote hapa kambini.

Kwanza, kila mgeni anayefika aelezwe juu ya manda za vijiji siku ile ile anayoelezwa juu ya mgao na maji. Mimi sikuambiwa na mtu, nikalipa kuku wawili. Mwingine anaweza kulipa zaidi, na kijiji kizima kikatuchukia.

Pili, makaburi yetu yapandwe miti ya asili. Tuwaombe adzukulu wa vijiji jirani watuonyeshe mbegu, na tuziombe kwa heshima, si kuziokota. Tuchague watunzaji kutoka kila taifa na kila dini. Atakayekata mti humo atozwe, awe mwanakamati au mtoto wa mchungaji.

Tatu, ombi kwa wahudumu wa mashirika. Miche huhesabiwa siku inapopandwa, wageni wakipigwa picha. Tafadhali ihesabiwe baada ya masika ya tatu. Tena majiko yanayotumia kuni chache, na kuni au makaa mbadala ya kuyawasha, yasitajwe kama zawadi ya ziada kando ya chakula. Unga bila moto si chakula.

HITIMISHO

Mzee aliyenikamata mwaka ule alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda msibani. Adzukulu walinijua, wakaniruhusu kufika mpaka kaburini, ndani ya kichaka kile kile. Matawi makavu yalikuwa bado yamelala chini, na mchwa walikuwa wakiyala. Nilitazama juu nikaona miti imefunga anga, na nje ya ukingo jua la Oktoba lilikuwa likichoma mashamba matupu. Humo ndani palikuwa baridi.

Mmoja wao, kijana, aliniuliza kwa utani: "Leo bambo hamchukui kuni?" Nikamjibu kwamba deni langu la kuku wawili nimekwisha kulipa, sitaki jingine. Walicheka, hata wafiwa. Kisha tukamzika mzee wetu.

Mvua za Desemba zikifika, mwenye nguvu na aje makaburini na jembe. Asiye na nguvu na aje na ndoo ya maji.

Mzee mmoja wa kamati